Vifuko vya tegu kichwani: usikimbilie albendazoli ya dukani

SWALI: Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26 na kilo 58, ni dereva wa bodaboda hapa Mbalizi, Mbeya. Miezi saba iliyopita alianza kuanguka kifafa. Hospitali walimpiga picha ya CT ya kichwa, ikaonyesha madoa matatu ya chokaa na kifuko kimoja chenye maji na nukta ndani yake. Kwenye karatasi wameandika ni mabuu ya tegu wa nguruwe. Amepewa dawa ya kifafa, karbamazepini, miligramu 200 asubuhi na jioni, na ameambiwa arudi baada ya wiki tatu aanze albendazoli pamoja na vidonge vya kupunguza uvimbe. Jirani anasema tusisubiri, albendazoli ipo duka la dawa, ni ile ile wanayomeza watoto shuleni. Tumpe? Halafu ameupataje ugonjwa huu na hajawahi kula kitimoto maishani mwake?

JIBU: Msimpe. Jirani ana nia njema na jina la dawa amelipata, ila kidonge cha shuleni ni miligramu 400 za kumeza mara moja, kazi yake ni minyoo ya tumboni. Kwa mdudu aliye ndani ya ubongo dozi hiyo haimmalizi, lakini inaweza kumchokoza, na kumchokoza ndiko kunakoleta balaa. Nitaeleza kwa nini, nikianzia kwenye hiyo karatasi ya CT, maana imebeba nusu ya jibu.

Buu wa tegu akishafika kwenye ubongo hupita hatua nne. Mwanzo ni kifuko cha maji maangavu, kwa kawaida kama sentimita moja hivi, chenye ukuta mwembamba na kichwa cha mdudu kinachoonekana kama nukta. Hapo yuko hai. Anaweza kukaa miaka bila mtu kujua, kwa sababu ana mbinu za kuifumba macho kinga ya mwili. Akizeeka au akiuawa na dawa, maji ya kifuko yanakuwa mazito, ukuta unavuja, kinga inamgundua na sehemu ile inavimba. Baadaye kifuko kinasinyaa kuwa kinundu, na mwisho linabaki kovu la chokaa, doa jeupe ambalo CT hulionyesha vizuri kuliko kipimo kingine chochote. Degedege nyingi huanza katika hatua mbili za katikati, mwili unapoishambulia maiti ya mdudu. Ndiyo maana mtu anaweza kumeza mayai ya tegu leo akaanguka kwa mara ya kwanza miaka mitano baadaye, hata akiwa alishahama kijiji.

Kwa hiyo mdogo wako ana mabuu matatu waliokufa zamani na mmoja aliye hai. Ile nukta ndani ya kifuko ndiyo ushahidi. Albendazoli inamhusu huyo mmoja tu. Madoa ya chokaa hayahitaji dawa ya minyoo, leo wala kesho. Kuyatibu ni sawa na kumtegea sumu panya aliyekwisha kukauka darini. Kama CT ingeonyesha chokaa peke yake, jibu langu lingekuwa fupi: dawa za kifafa, basi.

Sasa hizo wiki tatu. Zinawakera wengi, lakini zina kazi. Kwanza, degedege zitulizwe kabla ya kumwua mdudu, kwa sababu kumwua kutaongeza uvimbe kwa muda. Pili, macho yachunguzwe kwa ndani, mboni ikiwa imetanuliwa kwa matone. Buu anaweza kujificha hata ndani ya jicho, na akifia humo uvimbe unaweza kuondoka na uwezo wa kuona. Uchunguzi huo huo huonyesha kama shinikizo ndani ya fuvu limepanda. Likiwa limepanda, ama kwa sababu maji ya ubongo yameziba njia, ama kwa sababu ubongo wote umevimba, albendazoli hairuhusiwi mpaka shinikizo lishughulikiwe, wakati mwingine kwa upasuaji wa kuweka mrija. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote katika tiba hii, na mtu wa duka la dawa hana namna ya kuligundua.

Tatu ni vidonge vya kupunguza uvimbe vyenyewe, deksamethasoni au prednisoloni. Hivi hushusha kinga. Kama ana kifua kikuu kilicholala, vinaweza kukiamsha; kama ana kisukari, sukari itapanda; na kama tumboni ana minyoo midogo iitwayo strongiloidesi, kinga ikishuka minyoo hiyo inaweza kuzaliana na kusambaa mwilini kwa namna ya kuua. Kwa hiyo asishangae akiulizwa kuhusu kikohozi na jasho la usiku, akiambiwa atoe makohozi na choo, au akipewa kabla ivermektini, dawa ya minyoo hiyo. Damu itapimwa pia kuangalia ini na seli, kwa sababu albendazoli ikitumika kwa siku nyingi inaweza kuvigusa vyote viwili.

Kipimo cha virusi vya UKIMWI nakitenga, kwa sababu katika nyanda hizi hakirukwi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 uliiweka Njombe juu kabisa nchini kwa asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa ikafuata na 11.1, Mbeya 9.6. Mwenye virusi aliyedhoofika kinga anaweza kuwa na uvimbe wa kimelea kiitwacho toksoplazma au wa kifua kikuu kichwani, na kwenye picha vyote hivyo huonekana kama pete inayong'aa, sawa na buu anayekufa. Madaktari wa Vellore, India, walitoa kigezo kinachosaidia pale uvimbe unapokuwa mmoja tu: ukiwa chini ya milimita 20 na ubongo haujasukumwa upande, uwezekano ni buu zaidi kuliko kifua kikuu. Kwa mdogo wako nukta ile imeshaondoa shaka kubwa. Hata hivyo majibu ya virusi yanahitajika kwa sababu nyingine kabisa: karbamazepini hupunguza nguvu ya dolutegraviri, dawa iliyomo kwenye kidonge kimoja cha siku wanachotumia wengi wenye virusi. Akikutwa na virusi, ama dolutegraviri iongezwe kuwa miligramu 50 mara mbili kwa siku, ama dawa ya kifafa ibadilishwe. Fenitoini na fenobabitoni zina tatizo hilo hilo, kwa hiyo kuhamia huko si suluhisho.

Kuna watakaowaambia mkapime damu ya tegu ndipo muamini. Angalieni kwanza takwimu za jirani zenu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipima watu katika vijiji vya Mbozi, wakati huo ikiwa bado mkoa wa Mbeya. Karibu 45 katika kila 100 walikuwa na kingamwili dhidi ya mabuu, na kama 17 katika 100 walikuwa na chembe za mabuu walio hai zikizunguka kwenye damu. Wengi wao hawakuwa na kifafa. Kingamwili inasema tu kwamba mwili umewahi kukutana na mayai. Haisemi buu yuko wapi, wala kama ndiye anayemwangusha mtu. Upande wa pili, kipimo kizuri kabisa cha kingamwili hugundua karibu wagonjwa wote wenye mabuu hai wawili au zaidi, lakini kwa mwenye buu mmoja au mwenye chokaa tupu mara nyingi hutoka hasi. Kwa hali ya mdogo wako, picha ina uzito kuliko damu. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ingeonyesha kama kuna kifuko kingine kwenye mifereji ya maji ya ubongo, kwenye shina la ubongo au kwenye uti wa mgongo, mahali ambapo CT huona kwa shida. Kwa yeye ni ya lazima ikiwa ana maumivu ya kichwa yasiyokatika, anatapika, anaona viwili-viwili, au miguu imeanza kufa ganzi au kulegea. Bila dalili hizo, fedha ya MRI ningeitunza kwa picha ya marudio.

Dozi yenyewe mnaweza kuihakiki wenyewe. Kwa mtu mwenye kifuko hai kimoja au viwili, albendazoli ni miligramu 15 kwa kila kilo kwa siku, ikigawanywa mara mbili, kwa siku 10 hadi 14, isizidi miligramu 1,200 kwa siku. Kilo 58 mara 15 ni 870. Kwa vidonge vya 400 inakuwa kimoja asubuhi na kimoja jioni, yaani 800. Deksamethasoni ni miligramu 0.1 kwa kilo, kwake karibu 6 kwa siku, na huanza kabla ya albendazoli, isiwe baada. Mkikuta vifuko hai ni zaidi ya viwili, huongezwa prazikwanteli, ile dawa ya kichocho, miligramu 50 kwa kilo kwa siku. Dozi hizi ni za kuulizia maswali, si za kujitibia.

Albendazoli ichukuliwe na chakula chenye mafuta. Tumbo tupu huinyonya vibaya sana. Mlo wa mafuta unaweza kuongeza kiasi kinachofika kwenye damu hadi mara tano. Mnaishi kwenye nchi ya maparachichi, kwa hiyo hamna haja ya kutafuta kingine: nusu ya parachichi kubwa au zaidi kila dozi, au maziwa yasiyoenguliwa, au karanga za kutosha. Chai ya rangi na kiporo cha ugali havitoshi. Karbamazepini nayo huharakisha ini kuivunja albendazoli, sababu nyingine ya kutocheza na suala la mafuta. Lakini msije mkaisimamisha karbamazepini ili dawa ya minyoo ifanye kazi vizuri. Kuikatiza ghafla kunaweza kuleta degedege zisizokoma.

Tegemeeni nini? Dozi moja kamili huua takriban vifuko 6 hadi 7 katika kila 10. Mwaka 2004 watafiti wa Peru walichapisha jaribio la wagonjwa 120: nusu walipewa albendazoli miligramu 800 na deksamethasoni miligramu 6 kwa siku 10, nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Katika ufuatiliaji, degedege za mwili mzima kwa waliotibiwa zilipungua kwa asilimia 67. Zile za sehemu moja ya mwili, mkono kutetemeka au mdomo kwenda upande, hazikupungua kwa kiwango cha kuaminika. Kwa hiyo tiba ina faida ya kweli, lakini anayewaambia kwamba baada ya wiki mbili kifafa kitakuwa kimekwisha anawadanganya. Picha irudiwe baada ya miezi sita. Kama kifuko bado kipo na maji yake, hutibiwa tena.

Siku za hatari ni kuanzia ya pili hadi ya tano baada ya albendazoli kuanza. Ndipo mdudu anapokufa. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Kichwa kinachozidi kila saa pamoja na kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, macho kufifia au degedege mbili bila fahamu kurudi katikati yake, ni safari ya hospitali usiku huo huo. Kwa sababu hiyo madaktari wengi hupenda kumlaza mgonjwa siku za kwanza. Wakisema alazwe, msibishane kwa ajili ya gharama ya kitanda. Akiwa nyumbani na akaanguka, mlazeni ubavu, ondoeni jiko na vitu vigumu, legezeni shingo ya shati, angalieni saa. Msitie kijiko wala kidole mdomoni, msimwagie maji, na asimeze chochote mpaka azinduke kabisa. Zikipita dakika tano bado anatetemeka, mpelekeni. Mapovu yake hayaambukizi mtu, mshikeni tu. Inashangaza jinsi imani hiyo inavyowaacha watu wakiungua motoni wakati ndugu wamesimama pembeni.

Safari ya karbamazepini ni ndefu kuliko zote. Kwa kuwa madoa ya chokaa yatabaki, na chokaa nayo huvimba kuzunguka mara kwa mara na kuleta degedege, daktari hatafikiria kuipunguza mpaka ipite miaka miwili mfululizo bila kuanguka, na hata hapo atapunguza polepole. Dozi ya 400 kwa siku ni ya kuanzia. Kama bado anaanguka huku anameza bila kukosa, kuna nafasi ya kupandisha kabla ya kusema dawa imeshindwa. Vipele vyenye malengelenge au vidonda mdomoni katika wiki za mwanzo ni sababu ya kukimbia hospitali. Na pikipiki iegeshwe. Najua ndiyo unga wa nyumba, lakini abiria hajui kama dereva wake anaweza kuzimika mteremko wa Mlima Nyoka. Ningeanza kulifikiria tena baada ya mwaka mzima bila degedege, tena kwa kauli ya daktari wake.

Nakuja kwenye kitimoto. Hapa kuna mkanganyiko ambao hata baadhi ya watu wa afya wanao. Anayekula nyama ya nguruwe yenye vifuko isiyoiva hapati mabuu kichwani. Anapata tegu mzima tumboni, utepe wa mita mbili hadi nne au zaidi, ambaye kwa kawaida hamletei shida kubwa. Huyo mwenye tegu ndiye anayetoa mayai. Kila kipande cha tegu kilichokomaa kina mayai makumi ya maelfu, na hutoka na choo. Mayai hayo yakiingia mdomoni mwa mtu yeyote, kupitia vidole visivyooshwa, kachumbari, au maji ya mtoni, yanaangua tumboni, mabuu wanapenya na kusafiri na damu mpaka kwenye misuli, macho na ubongo. Kwa maneno mengine, mdogo wako amepata ugonjwa kutoka kwenye choo cha mtu, bila kuonja nguruwe. Mwaka 1992 madaktari wa New York walieleza wagonjwa wanne wa jamii ya Wayahudi wenye kushika dini, watu wasiogusa nguruwe, waliopatikana na mabuu ubongoni. Walioshukiwa ni wafanyakazi wa nyumbani waliobeba tegu bila kujijua.

Mwenye tegu basi anaweza kuwa ndani ya nyumba yenu au pale anapokula kila siku. Ulizeni, bila kumwaibisha mtu, nani ameona vipande bapa vyeupe kwenye choo au kwenye nguo ya ndani. Wote wa nyumbani watoe choo mara tatu siku tofauti, kwa sababu mayai hayatoki kila siku na hadubini hukosa wengi. Hadubini pia haiwezi kutofautisha yai la tegu wa nguruwe na la tegu wa ng'ombe, kwa hiyo jibu la "mayai ya tegu" lichukuliwe kama la nguruwe. Tiba nzuri ya tegu wa tumboni ni niklosamidi gramu 2 mara moja kwa mtu mzima, ikipatikana, kwa sababu haiingii kwenye damu. Prazikwanteli kwa dozi ndogo, miligramu 5 hadi 10 kwa kilo, nayo huua tegu, lakini inafika kwenye ubongo. Mwenye historia ya degedege au kichwa kisichoeleweka asipewe kabla ya kuchunguzwa. Mtoto wa nyumba hiyo akipewa dawa ya kichocho shuleni kisha akaumwa kichwa vikali au akatetemeka, mwambieni daktari kuna mgonjwa wa mabuu nyumbani.

Kama mnafuga, au jirani anafuga, nguruwe wakae bandani mwaka mzima. Desturi ya kuwafungia wakati wa mazao na kuwaachia baada ya mavuno inawapa miezi kadhaa ya kufikia vinyesi vichakani. Choo kiwe na mlango ambao nguruwe hawezi kuusukuma kwa pua. Kabla ya kununua, wanunuzi huvuta ulimi wa nguruwe kutafuta vivimbe kama punje za mchele kwa chini. Ukiviona, nguruwe huyo ana vifuko kwa hakika, lakini ulimi safi haumsafishi, kwani wenye vifuko vichache hupita. Oksifendazoli miligramu 30 kwa kilo, mara moja kwa mdomo, huua vifuko vya kwenye misuli, na majaribio yaliyofanyika Tanzania yaliiunganisha na TSOL18, chanjo ya nguruwe dhidi ya vifuko hivi. Ulizeni kwa afisa mifugo wa kata, na asichinjwe mapema: dawa inahitaji muda kutoka kwenye nyama, na vifuko vilivyokufa huonekana kwa wiki nyingi zaidi, mkaguzi akivikuta atakataa. Kwenye kitimoto choma, kipande kikubwa huungua nje na kubaki chekundu katikati. Chemsheni kwanza mpaka juisi isiwe na wekundu, ndipo kikaangwe.

Siku ya kurudi hospitali nendeni na CD au filamu ya CT, si karatasi peke yake, na daftari lenye tarehe, muda na upande wa kila degedege tangu ya kwanza. Kama wakati huo hajapimwa macho kwa ndani, hilo liwe swali lenu la kwanza kabla ya kidonge cha kwanza cha albendazoli kumezwa.